Kwenda mlimani bila jembe: burudisho la roho katika kanisa la kijijini

#1 Mwanakigango (mwanzilishi wa uzi)

Tumsifu Yesu Kristu, ndugu zangu.

Naandika kutoka kigango kimoja kilichopo kwenye miteremko ya Rwenzori, wilaya ya Kasese, juu ya barabara iendayo Mpondwe. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu jambo lenyewe tumelizungumza kwa Kiswahili: nusu ya wanakwaya wetu wana ndugu ng'ambo ya mto Lhubiriha, upande wa Kongo, na nyimbo nyingi tunazoimba kanisani zilitufikia kwa njia hiyo. Ninaloleta ni hili: Mkristo wa kijijini, ambaye uumbaji wa Mungu ndio unaomchosha kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, atapataje burudisho la roho katika uumbaji huohuo?

Wageni hutoka Kampala na hata ng'ambo ya bahari kuja kuitazama milima hii, ambayo kilele chake kirefu kuliko vyote, Margherita, kina mita 5,109 na kina barafu ingawa tuko karibu na Ikweta. Hupita katika njia zetu na mikoba yao mgongoni, hukaa juu ya jiwe lililo ukingoni mwa mgongo wa kilima, hunyamaza, na wakiteremka utawasikia wakisema kwamba wamepumzika. Hatua hamsini hivi kutoka kwenye jiwe hilo lipo shamba la mama yangu mdogo, la kahawa na mihogo, lenye mteremko mkali kiasi kwamba anapopalilia goti lake moja hugusa udongo. Yeye naye huteremka jioni kutoka palepale, na sijapata kumsikia akisema kwamba amepumzika. Kilima ni hichohicho, upepo ni uleule, na ndege ni walewale.

Mazungumzo yetu yalianza Kwaresima ya mwaka juzi, katika jumuiya ndogo ndogo. Katekista alitusomea Injili ya Marko, sura ya sita, pale mitume waliporudi wamechoka, wala hawakuwa na nafasi hata ya kula, na Bwana akawaita waende peke yao mahali pasipokuwa na watu, wapumzike kidogo. Mama mmoja mjane, ambaye kwa kawaida hasemi katika vikao, akauliza: "Katekista, sisi twende wapi? Mahali pasipokuwa na watu ni shambani, na shambani kuna kazi." Katekista hakumjibu siku ile, nami nilimheshimu kwa sababu hakuharakisha kujibu.

Juma lililofuata alirudi na kitabu cha Kutoka, sura ya 23, ile amri ya siku ya saba. Wengi wetu tuliijua kama amri ya kuacha kazi tu, lakini Kiswahili cha Biblia kinasema ng'ombe na punda wapumzike, kisha mwana wa mjakazi na mgeni "wapate kuburudika". Neno hilo lilitushika. Siku hizi ukisema burudani watu wanafikiria muziki na mpira, lakini kuburudika kunatoka katika shina moja na baridi, kwa hiyo mtu aliyeburudika ni mtu aliyekuwa na joto akapata ubaridi, kama mtu aliyetoka kwenye jua la saa saba akaingia chini ya mti. Na tazameni ni nani anayetajwa pale: si mwenye shamba, ni mtoto wa mjakazi na mgeni, yaani wale wanaolima bila kuwa na la kusema. Katika Walawi 25 hata ardhi yenyewe inapewa mwaka wake wa kupumzika. Kumbe swali la yule mama lilikuwa na jibu tangu zamani, nalo ni kwamba burudisho ni haki iliyowekwa kwa ajili ya mtu anayelima, na jumuiya nzima inadaiwa kumpatia, kwa kuwa peke yake hawezi kujipatia.

Basi tukakubaliana kwamba Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi tupande hadi kwenye lile jiwe kabla ya jua. Huku magharibi jua huchomoza karibu na saa moja asubuhi, na mwenye kutaka kuiona milima mirefu lazima awahi, kwa maana ikifika saa tatu au saa nne mawingu huwa yameshaifunika.

Safari ya kwanza haikufaa, nami naieleza ili mwenye kutaka kufuata njia hii asidanganyike kwamba ni rahisi. Watu walikuja na mapanga, majembe na jerikani. Nilipouliza, mzee mmoja alinijibu kwamba mkono mtupu haulambwi, na kama wanapita shambani kwao kwa nini wasimalizie kipande kilichobaki. Tulipofika juu wanaume walianza kuzungumza bei ya kahawa na mpaka wa shamba la fulani, akina mama wakaokota kuni, na vijana wakapigana picha kwa simu. Tulisali Baba Yetu tukashuka. Hakuna aliyefanya baya lolote, lakini tulikuwa tumehamisha siku ya kazi tu na kuipandisha mlimani.

Kwa hiyo safari ya pili ilikuwa na masharti. Usipande na jembe, panga wala jerikani. Simu izimwe. Usirudi na kitu, hata ukuni mmoja. Sharti hili la mwisho ndilo lililopingwa kuliko yote, na akina mama ndio waliolipinga, kwa sababu wao ndio wanaojua thamani ya ukuni mkavu uliolala njiani. Tulikaa kikao kizima juu ya ukuni. Mwishowe wanaume wa jumuiya walikubali kwamba Ijumaa inayotangulia wao ndio watakaotafuta kuni na kuchota maji ya nyumbani, ili Jumamosi asubuhi mke asiwe na deni jikoni. Nasema bila kusita kwamba hapo ndipo burudisho lilipoanzia, kabla hata hatujapanda.

Siku ile ya pili nilikaa nyuma ya mama yangu mdogo. Tulipoketi hakujua aiweke wapi mikono yake. Aliiweka magotini, akaiondoa, akashika majani, akaanza kung'oa gugu lililokuwa karibu yake, kisha akakumbuka, akaliacha likiwa limeinama nusu. Mikono ile ina nyufa nyeusi ambazo sabuni haiziondoi. Baada ya muda aliigeuza viganja juu, kama mtu anayesubiri kupokea kitu, akaiacha hivyo. Uwanda wa hifadhi ya Queen Elizabeth ulikuwa bado na ukungu, na mbali kabisa palikuwa na mstari mwembamba unaong'aa. Akaninong'oneza: "Ule ni nini?" Nikamwambia ni ziwa, Ziwa Edward. Amelima hatua hamsini kutoka pale kwa miaka thelathini na minne, na hakuwa amepata kuliona, kwa maana anayelima mteremko hutazama udongo ulio mbele ya miguu yake, na akinyanyuka ni kwa ajili ya kunyoosha mgongo akiwa amefumba macho. Hakusema neno jingine mpaka katekista alipoanza zaburi.

Tunakaa kimya nusu saa, kwa saa ya katekista. Kisha zaburi moja inasomwa polepole, mara mbili, bila mahubiri. Kisha tunashuka tukiimba, na chini kanisani kuna uji ambao vijana wameupika. Basi. Sijaona haja ya kuongeza chochote.

Lakini kuna jambo jingine ambalo ukimya ule umetulazimisha kulitazama, na ni la aibu kwetu. Nyuma ya kanisa letu palikuwa na miti ya asili, mikubwa, na chini yake chemchemi ambayo nusu ya kijiji walichota. Miaka sita iliyopita halmashauri ya kigango ilikata shauri kuikata miti ile kwa ajili ya mabenchi, na matawi yakachomwa mkaa, na mahali pake ikapandwa mikaratusi kwa kuwa hukua haraka na kuuzika. Nami nilikuwa mjumbe, na nilinyanyua mkono wangu kukubali. Mkaratusi hunywa maji mengi, kila mkulima anajua, na haupaswi kusogezwa karibu na chemchemi. Lakini tulikuwa tukifikiria mabenchi. Leo katika miezi ya kiangazi bomba la chemchemi hutoa maji membamba kama uzi, na mtoto husubiri hadi robo saa jerikani moja ijae. Tunasali tukiwa tumekaa juu ya benchi za kivuli chetu wenyewe.

Jambo hili lilisemwa kule juu, baada ya zaburi, na yule mama mjane. Alisema: "Ukikaa hapa unaliona kanisa letu, lina upara." Tuligeuka wote tukatazama. Ni kweli, kutoka juu kanisa linaonekana limesimama peke yake kwenye udongo mwekundu, na migomba ya majirani imelikimbia. Tangu siku hiyo sharti la kutorudi na kitu limebaki, ila tumeruhusu kitu kimoja, nacho ni mbegu. Watoto huokota mbegu za miti ya asili iliyobaki kwenye korongo, na tumeanzisha kitalu kidogo pembeni ya nyumba ya katekista. Mikaratusi iliyo karibu na chemchemi tumekwisha kuing'oa, na juu ya chemchemi tumeweka wigo ili pasilimwe.

Naomba mnaosali katika makanisa ya vijijini, wa madhehebu yoyote, mtueleze: kwenu mnafanyaje? Na wenye shaka nao waseme shaka zao.

#2 Mlei wa Toro

Bwana asifiwe, ndugu Mwanakigango. Mimi ni wa Kanisa la Uganda, yaani Waanglikana, upande wa Fort Portal, na nimesoma maelezo yako mara mbili, mara ya pili nikiwa na mke wangu, hasa pale pa wanaume kuchota maji siku ya Ijumaa. Ameniambia nisiseme kitu, nitende.

Kwetu jambo hili lina mizizi yake. Mhubiri aliyetuletea Injili hadi pembezoni mwa nchi hii, Apolo Kivebulaya, hakuwa mtu wa ofisi. Alitoka Buganda, akafika Toro, akavuka mabonde ya Semliki hadi Mboga ndani ya Kongo ya leo mwaka 1896, kwa miguu, akirudi na kwenda miaka mingi, na alipofariki mwaka 1933 alizikwa Mboga, kichwa chake kikaelekezwa magharibi, upande wa msitu, kama alivyoomba. Wazee wetu walitufundisha kuona katika kaburi lile bidii ya kuhubiri, na ni sawa, lakini nikikusoma nawaza kwamba mtu hawezi kutembea katika nchi ile kwa miaka yote hiyo bila roho yake kulishwa na njia yenyewe.

Nina swali moja na nyongeza moja. Swali ni juu ya ukimya. Sisi tuliolelewa katika uamsho wa Balokole, yaani waliookoka, tumezoea kwamba Roho akishuka watu huimba, hushuhudia, hulia. Mkutano ukinyamaza nusu saa, wengine watadhani kuna ugomvi. Je, ukimya huu haukuja na wageni wenye mikoba?

Nyongeza ni juu ya wasioweza kupanda. Sisi tuna maziwa madogo yaliyomo ndani ya mashimo ya volkano za kale, na vijana wetu hupenda kusali ukingoni mwake, lakini wazee na wagonjwa hubaki nyumbani. Ilituchukua muda kutambua kwamba tulikuwa tumeunda kanisa la wenye miguu mizima. Sasa tunapishana: mwezi mmoja ziwani, mwezi mmoja chini ya mkuyu uliopo uani kwa bibi mmoja asiyetoka kitandani, na kitanda chake hutolewa nje akiwa ndani yake. Mara ya kwanza tulipomtoa aliomba tusiimbe kwanza, kwa sababu alikuwa anasikiliza majani. Labda nimejijibu swali langu mwenyewe, lakini bado napenda kusikia kutoka kwako.

#3 Mzee wa Mbale

Nawasalimu nyote, wanangu. Mimi ni mzee wa kanisa chini ya Mlima Elgon, na nimeona mengi, kwa hiyo mniwie radhi nikisema wazi.

Baba yangu aliacha mizimu akabatizwa akiwa mtu mzima. Kabla ya hapo alikuwa akipanda mlimani alfajiri, akiwa ameitwa na wazee, na walikaa kimya, na kulikuwa na jiwe. Aliponieleza habari hizo alinieleza kama mtu anayesimulia ugonjwa aliopona. Sasa nasoma habari za alfajiri, za ukimya na za jiwe, na moyo wangu haukutulia. Najua nia yenu ni njema. Lakini mtoto atakayekua akiona kanisa linakwenda kwenye jiwe, ni nani atakayemweleza tofauti? Wamisionari na wachungaji wetu wa kwanza walijenga nyumba yenye paa na kuta ili watu wajue kwamba Mungu hakai mlimani. Sisemi kwamba mti ni mbaya. Mimi mwenyewe nimepanda mingi. Nasema pumzikeni mlimani kama watu wanavyopumzika, na mwabudu kanisani.

#4 Mwanakigango

Mzee wangu, nakusalimu kwa heshima, na nashukuru kwamba umesema wazi. Hofu yako ipo hapa kwetu pia. Katika mapokeo ya Wakonzo, milima hii ina mwenyewe, Kitasamba, naye alihusishwa na ile theluji ya juu tunayoiita nzururu, na wengine husema jina la Rwenzori lenyewe linatokana na theluji hiyo. Walikuwapo wazee wa kigango waliokataa kupanda nasi kwa sababu uliyoitaja, na mmoja bado hapandi, na hatumlazimishi.

Nitajibu kwa yale tunayoyafanya. Hatupeleki sadaka yoyote kule juu, hatuliombi jiwe, hatuligusi kama kitu kitakatifu, na wiki ambayo jiwe lilikuwa na utelezi tulikaa mahali pengine bila wasiwasi. Zaburi tunayoisoma mara nyingi ni ya 121, na tunaipenda kwa sababu inajibu shaka yako yenyewe: mwimbaji anainua macho aitazame milima, kisha anauliza msaada wake utatoka wapi, na hajibu kwamba unatoka milimani, anajibu kwamba unatoka kwa Bwana aliyezifanya mbingu na nchi. Watoto tunawaeleza hivyo kila mara, kwa maneno hayohayo. Misa hatuihamishi; Jumapili tuko chini ya paa, na naamini kwamba watu wanaimba vizuri zaidi Jumapili inayofuata Jumamosi ya mlimani.

Lakini, Mzee, kuna jambo moja linaloniuma na ningependa ulipime kwa uzoefu wako. Wazee wetu walioogopa mizimu hawakuthubutu kukata msitu wa juu wala miti iliyo juu ya chemchemi. Waliihifadhi kwa hofu. Sisi tuliobatizwa tukaondolewa hofu hiyo, na ni neema kubwa, kisha tukachukua shoka. Tulipoambiwa kwamba mti hauna pepo tulisikia kwamba mti hauna mwenyewe. Sikumbuki katika mafundisho yangu ya kipaimara kufafanuliwa lile neno la Mwanzo 2 kwamba mtu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Kulima tulikuwa tunakujua, kutunza hakukuguswa. Nadhani baba yako alipona ugonjwa wa kweli. Naogopa tu kwamba wajukuu wake na wajukuu wa baba yangu tumepata ugonjwa mwingine, na dawa yake mojawapo ni kwenda kuketi mbele ya kazi ya Mungu tukiwa na adabu na bila kuiogopa.

Ndugu wa Toro, kuhusu ukimya, nami niliwahi kuudhania kuwa wa wageni. Kisha nikakumbuka jinsi watu wetu wanavyokaa msibani usiku wa kwanza. Jirani anakuja, anaketi, hasemi kitu saa nzima, na akiondoka mfiwa anajua kwamba alikuwapo. Ukimya tunao, tulikuwa tumeuacha matangani tu. Tena Eliya alipokimbilia Horebu akiwa amechoka hata anaomba afe, Mungu alimlisha kwanza na kumlaza usingizi, kisha upepo ukapita, na tetemeko, na moto, na mwishowe sauti ndogo ya utulivu. Watu wanaoimba kwa nguvu kama sisi ndio wanaohitaji kujifunza kuisikia. Nyimbo zetu zinabaki za kuteremkia, na zina furaha kwa sababu zimetoka mahali. Habari ya bibi na mkuyu nimeisoma mbele ya jumuiya jana jioni. Tuna wagonjwa watatu ambao hatukuwa tumewafikiria hata kidogo.

#5 Dada wa Kilembe

Ndugu zangu, mimi naomba niseme kutoka upande wa wanaoishi chini ya mlima.

Mto Nyamwamba ulitoka kwenye njia yake tarehe 1 Mei 2013, na ukatoka tena Mei 2020, usiku, wakati tayari tulikuwa tumefungiwa nyumbani kwa sababu ya korona. Mara ya pili hata hospitali ya Kilembe ilibomolewa. Ukitembea huku utaona mawe makubwa kama magari yamelala mahali palipokuwa na nyumba, bustani na watu waliosali nasi. Nyumba ya mama yangu ilikwenda na mto. Yeye alitoka na kanga aliyokuwa amejifunga na rozari.

Wageni wa kiroho wametujia na mafundisho kama haya, ya kukaa kando ya maji ya utulivu. Sisemi ni uongo. Lakini mama yangu akisikia mvua inaanza kunyesha upande wa juu, hulala na viatu. Kwake mto huo si sauti ya Mungu, na mtu akimwambia hivyo humfanya ajisikie kwamba imani yake imepungua. Naomba wale wanaopenda milima wakumbuke hilo kabla ya kutualika. Uumbaji huu unaotuburudisha ndio uliotufukuza.

#6 Mwanakigango

Dada yangu, nimekaa na maneno yako siku mbili kabla ya kuandika, na pole zangu mfikishie mama.

Sitamwambia mtu yeyote kwamba mto ule ni sauti ya Mungu. Zaburi zinazosema maji ya utulivu zimo katika kitabu kilekile chenye Zaburi ya 69, ambayo mwimbaji wake analia kwamba maji yamefika mpaka nafsini mwake na kwamba anazama katika matope mengi. Aliyeandika vile alijua mafuriko, na hakuna mtu aliyemwambia kwamba imani yake imepungua. Maneno yake yaliwekwa katikati ya sala za wote. Baada ya kukusoma tuliisoma zaburi hiyo Jumamosi hii badala ya ile ya 121, na ukimya uliofuata ulikuwa mzito kuliko wa siku zote. Wapo kwetu waliochimba makaburi Mei ile.

Naungama pia kwamba nilipoanzisha uzi huu nilizungumza kana kwamba uchovu wa jembe ndio kizuizi pekee kati ya watu wetu na uumbaji. Hofu nayo ni kizuizi, na hofu ya mama ina sababu. Hata theluji ya juu, ambayo mwaka 1906 ilifunika takriban kilomita za mraba 6.5, kufikia mwaka 2003 ilikuwa imebaki takriban kilomita moja tu. Mlima wenyewe si ule walioujua babu zetu, na anayeutazama kwa upendo hana budi kuutazama pia kwa huzuni.

Kuhusu mito, tumejifunza jambo la kutenda. Kanuni za nchi yetu za mwaka 2000 zinakataza kulima na kujenga kando ya mto, mita 30 kwa mito ya kawaida na mita 100 kwa mito mikubwa iliyoorodheshwa. Katika kijito chetu mashamba yalifika majini, likiwemo shamba la kanisa. Tumeanza na hilo la kanisa: tumerudi nyuma mita 30, tumepima kwa kamba, na tumepanda mianzi na matete, ambayo mizizi yake hushikilia kingo. Migomba sita ya kigango imebaki ndani ya mstari, na tumekubaliana ikikatwa mikungu hatutapanda mingine. Hili halitazuia mafuriko ya Nyamwamba, najua. Ni kingo chache za kijito kimoja.

Na kama mama angependa, si lazima aende kando ya maji yoyote. Jiwe letu liko juu ya mgongo wa kilima, mbali na mto, na mvua ikinyesha maji hukimbia pande zote mbili yakatuacha. Mtu akiketi pale haisikii sauti ya maji kabisa.

#7 Dada wa Kilembe

Nimemsomea. Ameuliza mambo mawili: njia ni ya mwinuko kiasi gani, kwa kuwa goti lake moja halikunji vizuri, na je, inafaa aje na kikapu cha ndizi, kwa sababu haoni vizuri kwenda kwa watu asiowajua mikono mitupu.

#8 Mwanakigango

Kutoka kanisani hadi kwenye jiwe ni mwendo wa dakika arobaini kwa mtu mzima, na kipande cha mwisho ni kikali, lakini nusu ya njia kuna uwanda mdogo wa majani chini ya kilima, na kutoka pale ziwa linaonekana vilevile. Mwezi ujao tutaishia hapo sote, kwa sababu ya wagonjwa wetu watatu, na vijana wamekwisha kuifyeka njia. Mje Ijumaa jioni mlale kwa mama yangu mdogo, maana tunaondoka saa kumi na mbili alfajiri. Ndizi zake azilete Ijumaa tuzile pamoja usiku, tutazipokea kwa furaha. Jumamosi mwambie asibebe kitu. Kiti chake tutambebea.